Mama, anza na tundu

Mwanangu, marahaba. Umenitumia swali saa tano usiku, nikaliona asubuhi nikirudi mwaloni Kibirizi. Unasema mmewekewa mezani visukuku vya brakiopodi, wale wanyama wa magamba mawili, mwalimu anataka mseme kila kimoja kiliishije, wewe unaona makombe tu yote sawa. Si sawa mama, ngoja.

Usiyachanganye na yale uliyokuwa unaokota Ujiji ukajaza begi la shule. Ya ziwani magamba ni kushoto na kulia. Brakiopodi gamba moja mgongoni jingine tumboni, ndo maana ukichora mstari katikati ya gamba moja nusu zake zinalingana. Afu ni wa baharini tu, ziwa letu na ukubwa wake wote halina hata mmoja.

Sasa huyo mnyama hatembei. Anafungua kidogo, anachuja chakula kwenye maji, basi. Shida zake ni mkondo usimbebe na tope lisimzike. Wewe chukua gamba kubwa, angalia pale linapochongoka, ukikuta tundu wazi jua alitoa kikonyo hapo akajishika kwenye jiwe au kombe la mwenzie, kama mtumbwi na kamba ya nanga. Tundu limezibwa? Huenda udogoni alijishika, alivyokua akaachia akalala chini kwa uzito wake, wengi walifanya hivo.

Ninaowapenda mie ni productidi, kundi moja la hao brakiopodi. Gamba moja limevimba kama bakuli, jingine limebonyea humohumo ndani, na miiba. Alilala kwenye tope bakuli likiwa chini, miiba ikimshikilia asizame, yaani kama wewe ulivyokuwa unatanua vidole vya miguu mpungani. Mmoja wao, Gigantoproductus wa kipindi cha Kaboniferasi, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wengine walifika sentimita 30 upana, sahani ya wali ile! Ila miiba hukatika, kwahiyo tafuta vishina vyake juu ya gamba, wengi hapo wanaandika "gamba laini" wanapoteza maksi.

Likiwa refu kama ulimi, halina mbavu, yaani ile mistari iliyoinuka juu ya gamba, pembeni karibu limenyooka, hilo la jamii ya lingula, anachimba shimo la kusimama anajivuta chini kwa kikonyo chake akishtuka. Hao wapo baharini mpaka leo.

Ukingo wa zigzagi pale magamba mawili yanapokutana, wataalamu wengine wanasema unaruhusu maji mengi kuingia huku mwanya wenyewe ukibaki mwembamba, chembe kubwa za mchanga zisipite. Mi naona inaingia akilini, lakini andika "huenda". Na usiseme chochote kabla hujaangalia jiwe lililokishika kisukuku, kama lilikuwa tope au mchanga, umbo peke yake linadanganya, hata wa aina moja wakibanana wanakua wamepinda.

Kile cha tatu kwenye picha yako sijakiona vizuri, kipige tena upande wa mdomo, na uweke sarafu pembeni nijue ukubwa.

Baba