Wali maharage, bila mchuzi: safari ya Tanzania kwa asiyekula nyama

Maswali ya wasomaji kuhusu safari

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Nakuru. Kwa miaka sita sasa sijala nyama, kuku wala samaki, ingawa mayai na maziwa natumia. Likizo ya Agosti nakusudia kuingia Tanzania kupitia Namanga na kuzunguka kwa mkoba mmoja mgongoni, nikipanda mabasi ya kawaida na kulala katika nyumba za wageni za bei nafuu: Arusha, Moshi, Lushoto, Dar es Salaam, Dodoma, na Mungu akipenda Kigoma. Mwaka jana nilifika Arusha kwa siku mbili, nikaagiza wali na mboga katika mgahawa mdogo, nikaletewa wali na mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Nilipolalamika, mhudumu alishangaa kwa dhati, akasema hiyo ndiyo mboga niliyoagiza. Je, nitapata cha kula njia nzima bila kuingia hoteli za watalii, ambazo sina uwezo nazo?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Utakula, na utakula vizuri, kwa sababu sahani iliyo nafuu kuliko zote katika mgahawa wa kawaida wa Tanzania ndiyo hasa unayoitafuta. Lililokukwamisha Arusha ni neno moja. Kwenu Kenya mboga ni sukuma wiki, kabichi na wenzake; Tanzania mboga ni kila kinachosindikiza ugali au wali, na ndiyo maana watoto wakirudi shuleni huuliza, "Leo mboga gani?", na jibu likawa nyama, dagaa, maharage au mchicha. Mhudumu yule alikuhudumia sawasawa kwa Kiswahili chake. Majani, yakitajwa kikamilifu, huitwa mboga za majani.

Kwa hiyo nakusihi uache kutangaza usichokula na uanze kutaja unachokula, tena kwa jina lake la pale. Ukisema tu "sili nyama", wengi wataelewa ng'ombe na mbuzi, nao kwa moyo mwema watakuletea kuku au samaki wakidhani wamekutatulia shida. Ukisema "wali maharage" au "ugali maharage na mchicha", hakuna wa kukuuliza lolote. Jifunze pia majina yanayobadilika ukivuka mpaka: ndengu zenu huitwa choroko, minji ni njegere, githeri ni makande, na ukitaka njugu za kutafuna uombe karanga, kwa maana njugu kwa Watanzania wengi ni njugu mawe. Mama lishe, ambaye wengine humwita mama ntilie, ndiye atakayekulisha siku nyingi za safari hii, na sahani yake ya wali maharage mara nyingi haizidi shilingi 3,000 za Tanzania.

Hapo kwa mama lishe kuna jambo ambalo nimeliona mara nyingi mno kiasi kwamba siwezi kulipita. Anapakua wali, anachota maharage kwa upawa, anaweka mchicha pembeni na kachumbari kidogo juu yake. Halafu, bila kuulizwa, upawa uleule unazama katika sufuria ya nyama na kurudi na mchuzi mwekundu unaomwagwa juu ya wali usije ukakukaba. Huo ni ukarimu mtupu, kwa maana mchuzi huo hautozwi hata senti. Usingoje sahani ifike mezani ndipo uirudishe, kwani chakula hicho kitampotea na riziki yake ni hiyo hiyo. Simama karibu na masufuria, salimia kwanza, kisha sema mapema: "Mama, mimi usinitilie mchuzi wa nyama, niongezee maharage." Uliza pia kama kisamvu au matembele yametiwa dagaa, kwa kuwa wako wapishi wanaoamini kwamba majani matupu hayana ladha. Kwa wakati huo utakuwa umeshaona kila sufuria kwa macho yako, jambo ambalo hoteli ya watalii haikupi.

Utaulizwa sababu. Watakuuliza kama wewe ni Msabato au ni Rasta, kwa sababu hao ndio wanaojulikana kwa kujizuia na nyama. Usikubali dini isiyo yako ili kukatisha maswali. Neno litakalokusaidia ni mwiko. Watu wengi wamekulia katika koo zenye mnyama au chakula ambacho hakiliwi, na ukisema "nyama kwangu ni mwiko" utaheshimiwa papo hapo, ilhali ukisema "sipendi" utabembelezwa uonje kidogo. Kama kuna nyumba utakayofikia kwa mwaliko, mjulishe mwenyeji kabla hujapanda basi. Kuku wa mgeni huchinjwa asubuhi, na kumkataa akiwa tayari mezani ni kumvunjia moyo mtu aliyetoa alichokuwa nacho.

Sasa njia yenyewe. Asubuhi epuka "supu", maana hiyo huwa ya nyama au kongoro. Agiza chai na chapati maharage, au vitumbua, au uji wa ulezi. Moshi tafuta kiburu, yaani ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na maharage na kupondwa, chakula cha Wachaga kinachoshibisha hadi jioni. Usikichanganye na mtori, ambao kwa macho unafanana na uji wa ndizi usio na hatia, lakini umepikwa kwa supu ya nyama. Kote Kilimanjaro na Upareni utakuta makande, na hayo utayajua kwa kuyaona.

Lushoto nakushauri ukae siku zaidi ya ulizopanga. Kutoka Mombo barabara inapanda Milima ya Usambara kwa mwendo wa kilomita zipatazo 33, na kote kando yake ni matuta ya kabichi, karoti, viazi na njegere, mazao yanayoteremshwa kwa malori hadi masoko ya Dar es Salaam. Sokoni vitu huuzwa kwa fungu: fungu la karoti, fungu la nyanya, fungu la parachichi. Katika shamba la Irente, kwa mwendo wa miguu kutoka mjini, huuzwa jibini na mikate inayotengenezwa hapohapo. Nunua, kisha ule ukiwa umekaa kwenye mwamba wa Irente unaotazama nyika ya Mombo chini kabisa. Agosti ni baridi huko, basi usiache sweta. Beba pia kikapu au mfuko wa kitambaa kwa ajili ya mafungu hayo, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Siku ngumu ni zile za basi refu. Basi husimama kwa dakika chache, abiria wote wanakimbilia kaunta moja, na kinachoonekana ni chipsi kuku na chipsi nyama. Agiza "chipsi kavu", yaani chipsi peke yake, au chipsi mayai kwa kuwa mayai unakula. Lakini ujue kwamba karai lililokaanga viazi hivyo huenda ndilo lililokaanga kuku, na hapo kila mtu ana mpaka wake. Mimi nisingekuhukumu kwa vyovyote utakavyoamua. Dirishani utauziwa mahindi ya kuchoma, ndizi, korosho, mayai ya kuchemsha na machungwa yaliyokwisha menywa. Hata hivyo, usitegemee dirisha: chapati mbili na karanga ndani ya mkoba zitakuokoa siku basi litakapoharibika porini.

Dar es Salaam itakupumzisha. Katikati ya jiji, upande wa Kisutu na Upanga, Wahindu wameishi vizazi kwa vizazi, na iko migahawa yao isiyopika nyama kabisa, ambako unakaa na kuagiza bila kueleza chochote. Kutoka hapo panda treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Dodoma utakuta ugali na mlenda wa Wagogo, unaoteleza na usiozoeleka kwa siku ya kwanza, na kwa bahati yako Agosti ni majira ya mavuno ya zabibu.

Ukienda Kigoma kwa treni ya zamani, wauzaji watakujia katika kila stesheni. Saranda inasifika kwa kuku, na behewa zima litanukia. Wewe subiri Tabora, ununue asali. Kigoma ni nchi ya migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, na huko ndiko utakakolazimika kuuliza zaidi. Lakini ni nchi ya maharage na mawese vilevile. Omba maharage yaliyoungwa kwa mawese, ule na ugali wa muhogo, na sidhani kama utakumbuka samaki.

SWALI: Nami sili nyama wala samaki, na safari yangu ya Unguja imeangukia mwezi wa Ramadhani. Rafiki zangu wanasema nitashinda na kulala njaa. Je, niahirishe?
Msomaji, Iringa

JIBU: Usiahirishe. Mchana migahawa mingi itafungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuwakosea heshima waliofunga, kwa hiyo nunua matunda na mikate jioni na ule mchana ndani ya chumba chako. Jua likizama, mezani huja vyakula ambavyo mwaka mzima ungevitafuta: muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbichi na viazi vitamu vilivyopikwa kwa tui zito, maharage ya nazi, tambi za sukari, kaimati, na uji wenye pilipili manga. Baadhi ya nyumba hutia samaki au nyama ndani ya muhogo, basi uliza kwa upole kabla ya kupakuliwa. Jioni hiyo hiyo utakuta pia urojo, ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi na ndimu. Mwambie muuzaji akuwekee bajia, kachori na viazi, asitie mishkaki. Atakuuliza kama unataka pilipili. Onja kwanza kwa ncha ya kijiko.