Nimekwama Katika Walawi: Je, Nianze Upya?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mwanzoni mwa mwaka niliazimia kusoma Biblia nzima kwa ratiba ya siku 365. Nilikwama katikati ya Mambo ya Walawi, na sasa nina deni la sura zaidi ya mia moja. Kwa kuwa ninafanya kazi ya zamu ya usiku, maombi ya alfajiri nayo yamenishinda, nami nimebaki kutegemea ibada ya Jumapili. Nifanye nini ili roho yangu ipate chakula kila siku?

JIBU: Asifiwe milele, mpendwa msomaji. Kwanza kabisa, lifute hilo deni. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, hivyo ratiba ya mwaka mmoja hudai sura tatu na zaidi kila siku. Mwendo huo humsaidia anayetaka kuifahamu Biblia kwa upana, lakini aliyeugua wiki moja tu huanza kusoma ili amalize, si ili ashibe.

Kumbuka jinsi mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, ilivyookotwa katika Kutoka 16. Wana wa Israeli waliagizwa kuokota pishi moja kwa kila mtu, tena asubuhi, kwa sababu jua lilipokuwa kali mana iliyeyuka. Walioiweka hadi kesho yake waliikuta imeingia mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya siku ya sita, iliyookotwa maradufu kwa ajili ya Sabato. Habari hiyo ya kuoza huhubiriwa mara nyingi, nayo inakugusa unapotaka Jumapili moja ikubebe siku saba. Hata hivyo, sura hiyohiyo ina upande ambao husahaulika: hakuna mahali ambapo aliyekosa kuokota jana aliagizwa kufidia leo.

Basi soma kidogo, lakini ukitafune. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa “kutafakari” katika Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2 hubeba maana ya kusema kwa sauti ya chini, na katika Isaya 31:4 ndilo linalotumika kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake. Kutafakari huko kunahitaji kinywa na muda. Chukua, kwa mfano, Marko 4:38. Dhoruba inavuma, mashua inajaa maji, na Yesu amelala katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, kichwa juu ya mto. Wanafunzi wanamwamsha kwa swali ambalo si la adabu sana: “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Lirudie swali hilo kwa sauti ya chini mara tatu au nne, kisha jiulize ni jambo gani katika wiki yako ungemwuliza Yeye hivyohivyo. Ukimwuliza, umekwisha kuingia katika maombi bila kutafuta maneno ya kuanzia. (Aya inayotumwa kwenye simu kila asubuhi si mbaya, ila ninavyoona mimi, wengi wetu huisambaza kwa wengine kabla hatujaionja.)

Kuhusu saa, usijitese. Ni kweli kwamba Marko 1:35 inamwonyesha Bwana akiomba alfajiri na mapema sana, lakini Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Asubuhi yako ni saa unayoamka, hata kama wengine wanakula chakula cha mchana. Dakika kumi na tano za wakati huo zinatosha kwa kuanzia, mradi simu iwe mbali.

Siku ambazo moyo ni mkavu, usilazimishe furaha usiyo nayo. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, nayo huanza kwa kulalamika kwamba Mungu amemsahau mwombaji; isome kama sala yako mwenyewe.

Kwa sasa anza na Injili ya Marko, yenye sura 16 tu, kisa kimoja kwa siku. Walawi usiiache moja kwa moja. Utakapoirudia, ingilia sura ya 19, ambapo mwenye shamba anakatazwa kuvuna hadi pembeni ili maskini na mgeni wapate chakula, na ambapo, aya chache mbele, utaikuta amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, ileile ambayo Yesu aliinukuu.