Shangazi, majibu yalitoka safi, nirudi tena?

Swali: Shangazi shikamoo. Mama na mamdogo wote waliugua saratani ya matiti, mi nina miaka 32, nilipimwa jeni nikakutwa na hitilafu ya BRCA1, ile jeni ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya matiti. Mwaka jana nilipiga MRI ya matiti (ile picha ya mashine ya sumaku) ikatoka safi, mwaka huu naona uvivu, hela nayo hamna, halafu mume anasema najitafutia ugonjwa. Niache tu? Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba mwanangu. Usiache bwana! Safi ya mwaka jana ni ya mwaka jana, na kwa mwenye BRCA1 uvimbe unaweza kukua haraka, ndo maana madaktari wanataka MRI kila mwaka kuanzia miaka 25, ukifika 30 wanaongeza mamogramu (eksirei ya matiti), wengine wanazipishanisha kila miezi sita usikae muda mrefu bila kuangaliwa. MRI ipange wiki ya pili toka hedhi ianze, picha inasomeka vizuri. Hela ikibana mwambie daktari wazi, ultrasaundi peke yake haitoshi ila pamoja na mamogramu ni afadhali kuliko kukaa tu nyumbani. Huyo mume nenda naye kliniki asikie mwenyewe (wanaume wetu hawa!). Kaka zako nao wapimwe, baba anaweza kumrithisha binti jeni hiyo vilevile. Ukigusa kivimbe leo, nenda wiki hii hii.