Maswali Yenu: Sauti Chini ya Maji

SWALI: Kipima kina cha boti yangu ya kuvulia huonyesha sakafu vizuri nikienda polepole. Nikiongeza mwendo, picha hukatika. Ninunue chenye nguvu zaidi?

JIBU: Bado. Mara nyingi mkosaji ni viputo vya hewa. Sauti ikikutana na hewa ndani ya maji hurudi karibu yote, hivyo utando mwembamba wa viputo ukipita chini ya transdusa, yaani kifaa kinachotoa sauti na kupokea mwangwi wake, unatosha kuifumba macho.

Kwanza simamisha boti, weka gia huru, kisha ongeza mzunguko wa injini. Vistari vikitapakaa kwenye kioo, kasoro ni ya umeme: vuta nyaya za kipima kina moja kwa moja kutoka kwenye betri, ziwe na fyuzi yake, na uutenge waya wa transdusa na nyaya za injini. Kioo kikibaki safi, kagua transdusa ilipofungwa. Kwa mashine ya nje, mahali pake ni tezini, yaani nyuma ya boti, upande ambao mapanga ya rafadha (propela) hushuka, angalau sentimita 40 kutoka kwenye rafadha. Uso wake ushuke milimita chache chini ya bodi, tena usikae nyuma ya ubavu au safu ya misumari, maana hapo ndipo viputo huzaliwa. Sugua mwani pia, wengi husahau.

Kuhusu masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde: kilohezi 200 huchora kwa undani lakini maji huimeza upesi, kilohezi 50 hufika mbali zaidi, kwa mwale mpana. Kwenye kina cha mita 30, mwale wa digrii 12 hufunika duara la takriban mita 6, na wa digrii 45 mita 25. Kwa hiyo samaki unayemwona kwenye mwale mpana huenda yuko mita 12 pembeni, nawe unatupa ndoana chini yako!

SWALI: Ikiwa sauti husafiri mbali hivyo majini, nyambizi hujifichaje?

JIBU: Hujificha chini ya joto. Sauti majini hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ya joto huongeza mita 3 hivi. Maji ya juu yakiwa na joto na ya chini yakipoa ghafla, mawimbi ya sauti hupinda kuelekea kwenye ubaridi, ambako mwendo ni mdogo. Sona, yaani mtambo wa kusaka kwa sauti, iliyofungwa chini ya manowari (meli ya kivita) huacha pengo la kivuli, na nyambizi hukaa humo.

Kuongeza nguvu ya mlio husaidia kidogo sana. Dawa ni kudondosha kwanza kipimajoto kinachosoma maji hadi chini, kisha kushusha sona yenyewe chini ya tabaka hilo kwa kebo, kutoka melini au kwenye helikopta. Upande wa tezi nako kuna upofu, kwa kelele za rafadha za manowari yenyewe. Ndiyo sababu hukokota kebo ndefu ya haidrofoni (maikrofoni za majini) mamia ya mita nyuma yake.