Bei ya fundi ilikuwa bei ya paa tu: hesabu ya kipenu changu cha uani

Tokea niweke picha ya kipenu kwenye stetasi watu hawaishi kuniuliza kimekula ngapi, na kila nikijibu milioni tatu na laki mbili na ushee mtu ananyamaza kidogo halafu ananambia "kwani umejenga ghorofa?" Basi leo nakaa kitako naandika yote mara moja, atakaeuliza tena namtumia hii.

Kipenu chenyewe ni mita 5 kwa 3, kimeegemea ukuta wa nyuma wa nyumba yetu Fuoni, Unguja, kuanzia mlango wa jiko mpaka karibu na ukuta wa jirani. Nguzo nne za zege mbele, paa la bati, sakafu ya saruji, na baraza la kukalia pande mbili. Hamna taili, hamna dari, hamna makochi. Alonisukuma kujenga ni mavyaa wangu, miguu inamsumbua na kukaa ndani hataki, kutwa anahamisha jamvi lake chini ya mwembe kulikimbia jua, asubuhi upande huu jioni upande ule, nami kila nikimuona anajikokota na lile jamvi roho inaniuma.

Fundi mwashi akaja mwezi wa Rajabu, akapima kwa hatua za miguu (hapo ndo ningestuka, mtu hana hata tepu), akaandika kwenye kijikaratasi milioni moja na laki nane. "Usijali mama, siku nne tu hii." Miye nikahesabu Ramadhani futari tutaila kipenuni inshaallah, nikamkubalia.

Sasa hichi ndo kitu nilichojifunza kwa pesa yangu mwenyewe: ukimwambia fundi unataka kipenu yeye anaona paa. Anahesabu mabati, mbao, nguzo, mkono wake, basi. Chini ya miguu haangalii, na maji yataelekea wapi haulizi. Na pesa yangu ilotoka nje ya kile kijikaratasi karibu yote imeondoka kwenye hivo viwili.

Tuanze na chini. Uani kwangu kwa macho ni tambarare kabisa, watoto wanacheza mpira. Siku fundi alipokuja na ule mpira mweupe wa bomba, wa kupimia usawa, wakautia maji, yeye akashika ncha moja mlangoni na kibarua akaenda nayo ncha ya pili mpaka pembeni, tofauti ikatoka nusu mita! Nusu mita jamani. Maana yake lazima ukuta mdogo wa tofali uzunguke pande tatu, ndani ujazwe kifusi, ndo juu yake umwage zege. Kwenye kijikaratasi hakuna kifusi, hakuna ukuta. Kifusi gari mbili kwa elfu 70 kila moja, tofali za inchi 6 zimeingia 130 (pamoja na za baraza) kwa 1,500, hapo tayari 335,000 na hakuna kitu cha kuonekana, mume wangu akirudi kazini anauliza "mbona bado mnachimba?"

Kifusi msikubali kimwagwe chote kwa pamoja. Vibarua watataka hivo kwa sababu ni rahisi, wanamwaga wanasawazisha juu wanakwambia tayari. Kiwekwe kidogo kidogo, kimwagiwe maji, kishindiliwe, halafu tabaka jingine. Jirani yangu mmoja sakafu yake imezama pembeni kama sahani ya biriani, na saruji alitia ya kutosha, ubaya ulikuwa kwenye kifusi.

Zege la sakafu lenyewe, mita 5 kwa 3 kwa unene wa sentimita 10 ni mita moja na nusu ya ujazo, na kwa mchanganyiko wa saruji moja mchanga mbili kokoto nne linakula karibu mifuko 10. Fundi aliniandikia 12 kwa kazi nzima! Tukamaliza 24, maana kuna msingi, nguzo, kujengea tofali, plasta ya baraza na niru ya juu. Mfuko nilinunua elfu 18, jumla 432,000. Saruji yetu inavuka bahari kutoka bara, kwa hivo usijilinganishe na ndugu yako wa Dar akikwambia yeye kapata kwa bei gani.

Na mchanga usiseme. Kwetu visiwani mchanga haupo wa kuchezea, unachimbwa kwa vibali, kuna wakati unautafuta na pesa mkononi huupati. Wangu uligharimu 220,000 na kokoto 160,000. Kuna mtu alinishauri eti tuchukue wa pwani usiku, "kwani mchanga si mchanga tu?" Kwanza hairuhusiwi, pili una chumvi, na chumvi ndani ya zege inakula nondo pole pole, nguzo inapasuka kutoka ndani wewe unadhani ni plasta. Hewa yetu peke yake ishakuwa na chumvi ya kutosha, usiiongezee.

Haya tuje juu. Mavyaa alitaka makuti na miye nilitaka makuti, yana ubaridi na yanapendeza. Alotukatalia ni mzee seremala, na sababu yake sijawahi kuisikia popote. Makuti yanataka paa lisimame, mteremko mkali kama nyuzi 45, ndo maji yanateleza juu kwa juu bila kuingia ndani. Sasa kipenu cha mita 3 kilochoegemea ukuta, kwa mteremko huo, upande wa juu utazidi ule wa chini kwa mita 3 nzima! Utauanzia wapi, juu ya paa la nyumba? Ukiyalaza makuti yanavuja na yanaoza upesi. Makuti ni ya banda lilosimama peke yake uwanjani, hapo sawa, ezeka na ukae roho kwatu, alimradi jiko la mkaa liwe mbali. Kwa kipenu cha ukutani ni bati.

Na hata bati wakagombana mbele yangu. Mwashi alitaka mteremko wa sentimita 20 ili kichwa kisigonge, kwa sababu upenu wa nyumba yetu uko kama mita 2.75 na sakafu tushainyanyua. Mzee seremala hakubishana. Akachukua kipande cha bati akakiegemeza kwenye tofali kikalala karibu bapa, akakimwagia chai ilobaki kikombeni. Chai ikaenda taratiibu mpaka ukingoni, halafu badala ya kudondoka ikajikunja ikarudi chini ya bati, ikatembea huko chini kama kiganja hivi ndo ikaanguka. "Na hapa hamna upepo," akasema, akaomba chai nyingine. Tukaweka sentimita 50. Mbele kumebaki mita 2.2 na ushee, shemeji yangu ni mrefu kweli na anapita, ila akiinua mikono anagusa mbao.

Kosa langu kubwa liko hapa, kwenye urefu wa bati. Fundi alikwenda kununua yeye, akaja na mabati 8 ya mita 3 geji 30 (geji ndo unene wa bati), elfu 24 kila moja, 192,000. Kipenu mita 3, bati mita 3, kila mtu akaona sawa. Lakini bati limelala mteremko, kisha linatakiwa litokeze mbele ya nguzo lipate kuikinga sakafu. Lilikuwa linaishia pale pale kwenye nguzo! Tukamaliza kupaua kumi la mwisho la Ramadhani (siku nne zile, mnazikumbuka), na siku chache baada ya Idi masika yakapiga. Wallahi nilisimama mlangoni nikacheka kwa hasira. Maji yanamwagika moja kwa moja juu ya baraza, jamvi la mavyaa linaelea, na kibaya zaidi paa la nyumba nalo linamwaga juu ya kipenu, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu alokifikiria.

Pigeni hesabu nyinyi wenyewe, ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la kipenu ni kama mita 19 za mraba, na kipande cha paa la nyumba kinachomwagia hapo ni mita 25. Mvua ya milimita 40, ambayo masika kwetu si ajabu, ni zaidi ya lita 1,700, karibu mapipa tisa, yote yanapita ukingo mmoja wa mita tano na kuangukia msingi wa jirani. Jirani ni mtu wa subira lakini alikuja, akagonga hodi kwa adabu kabisa, na miye nikaona haya.

Basi mabati yakashushwa. Nikaenda mwenyewe Mwanakwerekwe na tepu mkononi, nikaagiza yakatwe mita 3.6, geji 28, elfu 13 kwa mita, mabati 8 ikawa 374,400. Kwa wasiojua, namba ya geji ikiwa ndogo bati ndo zito zaidi, usije ukadhani 30 ni bora kuliko 28. Mbao zile zile za mwanzo zikatumika, za inchi mbili kwa nne zilotiwa dawa, 18 kwa elfu 13, yaani 234,000, na hapo msijaribu kubana, mbao isiyotiwa dawa uani ni chakula cha mchwa. Tukaongeza gata na bomba mpaka kwenye tangi, hiyo pamoja na misumari na rangi 140,000, na sasa miezi ya mvua kufua na kumwagilia sigusi maji ya bomba. Pale bati linapokutana na ukuta mzee aliuchimba ukuta mfereji mwembamba, akaingiza ukingo wa bati la kuzibia ndani, akaziba kwa saruji. Mwanzo mwashi alipaka lami tu juu juu. Lami ile jua la kaskazi lingeikausha na kuibandua.

Yalobaki nayapita haraka. Nondo na ringi 180,000. Waya, taa mbili na soketi 95,000, feni nilikuwa nayo. Usafiri 165,000, na hapo nilijiokoa kwa gari la ng'ombe, tofali zote zilikuja na gari la ng'ombe kutoka kwa mfyatuaji wa karibu na hakuna hata moja ilovunjika. Ufundi wote, mwashi, seremala na vibarua, 750,000. Ukijumlisha zote na yale mabati ya kutupa unapata 3,277,400, chai na mandazi ya mafundi sikuyahesabu maana nikiyahesabu ntalia.

Kwenye kulipa nilifanya ujinga, nilimpa mwashi nusu siku ya kwanza. Akapotea siku tisa, simu inaita haipokelewi, baadae nasikia yuko Bububu kwa mtu mwengine. Seremala nilimlipa kila hatua ikiisha, na kila asubuhi alikuwa mlangoni kabla sijachemsha maji. Vifaa nunua mwenyewe, au nenda nae. Na kabla ya kuchimba pita kwa sheha wako (kiongozi wa mtaa) na kwa jirani, tena jirani umwonyeshe kabisa maji yataelekea wapi, miye nilipita nikamwambia "najenga kibaraza kidogo tu" na nyote mshaona kilotokea. Walio Mji Mkongwe hii haiwahusu kabisa, nyinyi huko hata dirisha hubadilishi bila Mamlaka ya Hifadhi, anzeni kwao.

Kuna alonuliza kama anaweza kujenga kwa milioni moja na laki nane. Anaweza, kama uani kwake kweli ni sawa (apime kwa mpira, asipime kwa macho), akaacha baraza la kujengwa na akaweka viti, na akatumia nguzo za mvinje badala ya zege. Atazibadilisha baada ya muda lakini atakuwa keshakaa kivulini.

Yale mabati mafupi nimewaezekea kuku, wana paa jipya geji 30 mita tatu tatu. Mavyaa ana pembe yake barazani karibu na mlango wa jiko, jamvi halihami tena. Kitu kimoja tu kinanikera, tulimwaga zege likagusana na ukuta wa nyumba moja kwa moja bila kuacha nafasi, na sasa pale walipokutana kuna ufa mwembamba umeanza, sisimizi wanautumia kama barabara. Fundi kaniambia ni unywele tu, nyumba na kipenu kila kimoja kinakaa kwa uzito wake. Nimechora alama ya penseli ncha zote mbili na tarehe, ntaangalia tena masika yakiisha.