Jibu: Kwa nini Warusi wengi hukunja uso wakisikia "demokrasia"?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Warusi wengi wa makamo hawaitamani demokrasia ilhali waliteseka chini ya chama kimoja. Mimi nakushauri uanzie sokoni kabla ya sanduku la kura. Tarehe 2 Januari 1992 serikali ya Rais Boris Yeltsin iliacha kupanga bei za bidhaa nyingi kwa mkupuo. Mwaka ule zilipanda zaidi ya mara 20. Bibi aliyedunduliza maisha yake yote akajikuta akiba haitoshi hata mazishi, akasimama barabarani kuuza vikombe vyake vya chai.

Halafu zikaja vocha: kila raia karatasi moja ya ruble 10,000, ndiyo fungu lake la viwanda vya umma. Anatoly Chubais, aliyesimamia ubinafsishaji serikalini, aliahidi itafikia thamani ya magari mawili ya Volga. Wenye njaa waliiuza kwa chupa chache za vodka. Mwaka 1995 wenye mabenki wakaikopesha serikali kwa dhamana ya hisa za umma, serikali isipolipa, wakaondoka na makampuni ya mafuta na nikeli kwa bei ya kutupa.

Na yote hayo waliambiwa ndiyo demokrasia. Inaniuma sana mtu akisema Warusi "hawapendi uhuru". Uhuru na ufukara viliingia nyumbani kwao kwa mlango mmoja.