Gari Langu Huegeshwa Mteremkoni

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limetutaka sisi wasomaji tueleze ni kitu gani tulichonunua kikatugharimu kuliko bei yake, na kwa nini mpaka leo hatujaachana nacho. Nilidhani ningejibu kwa mistari mitatu, kwa kuwa jibu langu liko mbele ya nyumba na ninaliona dirishani ninapoandika. Ni gari la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne, lile ambalo mafundi wetu huliita fowili, lililotengenezwa Japani mwaka 1997 na ambalo nililinunua mwaka 2017, likiwa limekwisha kupita mikononi mwa watu wawili hapa nchini. Jina la kiwanda sitalitaja, maana makosa mengi nitakayoyaeleza ni yangu na ya wenzangu walionitangulia kulimiliki, na si haki kuwatwika wahandisi mzigo ambao hawakuufunga.

Ninaishi upande wa Mlalo, katika milima ya Usambara. Aliyewahi kufika huku anajua kwamba lami inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni humfikisha msafiri Lushoto, mwendo wa takriban kilomita 33, bila taabu kubwa, lakini safari ya kutoka hapo kwenda vijijini ni habari nyingine, hasa wakati wa masika, ambapo udongo mwekundu hugeuka sabuni na malori yaliyobeba kabichi na karoti hulala njiani yakisubiri jua. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 31 nikipanda malori hayo. Nilipostaafu na kupata kiinua mgongo, niliapa kwamba sitaomba tena lifti kwa mtu, na kiapo hicho ndicho kilichonipeleka Dar es Salaam nikiwa na shilingi milioni 13 na ujinga mwingi.

Dalali aliniambia maneno ambayo baadaye niligundua huambiwa kila mnunuzi: "Mzee, hii gari ilikuwa ya bosi, haijatembea." Nilitazama rangi, nikatazama viti, nikafungua na kufunga milango. Sikulala chini kutazama uvunguni. Injini iliwaka mara moja, nami nikafurahi, bila kujiuliza kwa nini boneti ilikuwa ya moto kabla hatujaliwasha. Laiti ningejua, ningedai kuliona alfajiri likiwa baridi, kwa sababu injini ya dizeli iliyochoka huweza kuficha uzee wake ikiwa imekwisha kupashwa moto, lakini haiwezi kuuficha asubuhi ya Julai huku milimani, plagi za kupasha zikiwa zimekufa na mwenye gari amesimama na blanketi mabegani akiliomba liwake.

Mara nyingi watu huniuliza kama Wajapani hutuuzia magari mabovu, nami huwajibu kwamba sababu ni ya kawaida zaidi. Nchini kwao gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi, pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao, huwafanya wengi waone afadhali kuliuza kuliko kulipitisha tena. Kwa hiyo gari linaloondoka huko huwa bado zima. Taabu ni miaka yake ya pili, ile ya huku kwetu. Kenya imeamua kutopokea gari lililozidi miaka minane. Tanzania hupokea hata kuukuu, ila hulitoza ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake. La kwangu lilikuwa na kibandiko cha Kijapani kilichobaki kwenye kioo cha mbele, na fremu iliyoliwa na kutu ikafichwa kwa rangi nyeusi. Fundi wangu alikisia kwamba liliishi katika mikoa ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani ili barafu iyeyuke. Huenda ni kweli. Kibandiko nimekiacha, ndicho kitu pekee kwenye gari hilo ambacho hakijawahi kuharibika.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kuchemsha, na hapa niruhusuni nieleze kwa kirefu, kwa sababu nadhani wapo wasomaji wanaopita njia hiyohiyo. Safari ya kwanza, tukipanda kutoka Mombo, mshale wa joto ulianza kunyanyuka kabla ya Soni. Nilisimama, nikasubiri, nikaongeza maji, nikaendelea. Fundi wa kwanza alikuta kwamba thamostati, yaani kile kivalvu kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta inayoyapoza mpaka injini ipate joto lake, ilikwisha kutolewa na kutupwa na mtu aliyenitangulia. Mafundi wengi huamini kwamba kuitoa huponya kuchemsha. Kumbe haiponyi, inachelewesha tu siku ya ukweli, huku injini ikifanya kazi baridi na kula dizeli kuliko kawaida. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye rejeta, ambayo nusu ya vijia vyake ilikuwa imezibwa na kutu na matope ya maji ya mitoni, kwa kuwa kwa miaka mingi hakuna aliyetia maji maalumu ya rejeta badala ya maji ya ndoo.

Nami sikuyatia. Mwezi wa nne wa umiliki wangu, gari lilichemsha mpaka likazima lenyewe. Hedi ya injini ile, yaani kifuniko chake cha juu, ni ya aluminiamu na imekaa juu ya bloku ya chuma. Vyuma hivyo viwili havipanuki kwa kipimo kimoja vinapopata joto, kwa hiyo joto likizidi, hedi hupinda na gasketi iliyo kati yao huachia. Moshi mweupe ulitoka nyuma kama wa jiko la kuni mbichi, na nilipochomoa kijiti cha kupimia oili nilikuta rangi ya chai ya maziwa. Fundi alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, injini haina neno, ni gasketi tu."

Tangu siku hiyo nimejifunza kuliogopa neno "tu" kuliko neno lolote la Kiswahili. Gasketi tu ilimaanisha kushusha hedi, kuipeleka Tanga ikasawazishwe kwa mashine, kuagiza spea kwa simu kutoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kupokea isiyofaa, kuirudisha kwa basi, kusubiri nyingine, na kulipa siku za gereji. Ilimaanisha wiki tano na shilingi milioni 1 na laki 8. Nilianza kuandika matumizi kwenye daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na daftari hilo sasa limejaa na la pili limefika katikati. Jumla yake, bila mafuta wala bima, imekwisha kupita bei niliyolinunulia.

Baadhi ya kurasa ni za ujinga wangu mwenyewe. Kwa mwaka mzima niliamini kwamba fowili ni kinga ya kila hatari, basi mvua ikinyesha nilikuwa naiingiza hata kwenye lami ya Soni. Gari la aina yangu halina kitu cha kulegeza kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma; kwenye matope magurudumu huteleza kidogo na kusameheana, lakini kwenye lami, kwenye kona, ya mbele hutaka kwenda umbali mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, kitu fulani lazima kiumie. Nilikuwa nalisikia gari likijikaza kwenye kona kama mbuzi anayevutwa kamba, nikadhani ndiyo nguvu yenyewe. Zilizoumia ni matairi na kasha dogo la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Mara nyingine nilivuka kijito nikitoka mwendo mrefu, difu, lile kasha la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ikiwa ya moto. Ilipoguswa na maji baridi, hewa ya ndani ilisinyaa ikavuta maji kupitia sili, kwa sababu kibomba chake cha kupumulia kilikuwa kimezibwa na udongo. Kukizibua hakugharimu hata shilingi. Kutokukizibua kulinigharimu beringi zote za nyuma.

Hata hivyo, fedha si jibu kamili la swali lenu, maana fedha mtu huweza kuzisahau. Gari ambalo huharibika kila mara lina nafuu yake: unaliacha, unapanda basi. Gari langu liligharimu zaidi kwa sababu lilikuwa zima siku tatu na bovu siku ya nne, wala halikunijulisha ni ya nne ipi.

Usiku mmoja wa Mei, mwaka 2021, mvua ikinyesha tangu alasiri, jirani alinigongea mlango. Mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa na bodaboda zisingeweza kupita. Niliingiza fowili na gia nzito, ile inayoliwezesha gari kutambaa taratibu kwa nguvu kubwa, tukateremka na kupanda gizani, mashangazi wawili nyuma wakimshikilia mgonjwa, nami nikiongea na usukani kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkaidi. Tulifika hospitali ya wilaya kabla ya alfajiri na mtoto wa kiume akazaliwa salama. Nilipokuwa narudi peke yangu, karibu na Magamba, gari lilizima na halikuwaka tena kwa siku sita. Kijiji kinaikumbuka nusu ya kwanza ya usiku ule. Nusu ya pili naikumbuka mimi.

Miezi michache baadaye alikuja mzee mwingine, akaniamkua kwa adabu zote ingawa amenizidi umri, akaniomba nimpeleke dada yake Lushoto usiku. Stata, yaani mota inayoiwasha injini, ilikuwa imeanza kugoma, hata nikawa naliegesha gari mteremkoni ili liwake kwa kuviringika, na mshale wa joto ulikuwa umepanda mara mbili wiki ile. Niliwaza mgonjwa akiwa nyuma, gari limezima msituni, simu hazina mtandao. Nikamwambia gari ni bovu. Alilitazama, jeupe na limeoshwa, akaitikia, "Haya, mwalimu," akaondoka kwenda kutafuta machela. Dada yake alibebwa mpaka kwenye barabara kubwa na akapona, namshukuru Mungu, lakini msimu ule wa vuli nilijua kwa salamu zilizofupishwa kwamba nimehesabiwa mchoyo. Nilikuwa mwoga, si mchoyo. Lakini mtu atawezaje kuwaeleza watu mia mbili tofauti ya mambo hayo mawili?

Sasa, kwa nini sijaachana nalo. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja mfanyabiashara wa mboga, niliyemfundisha darasa la nne, akitaka kulinunua. Nilimkaribisha chai, nikampa daftari zote mbili. Alisoma kimya kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusoma chochote darasani kwangu, kisha akauliza, "Shikamoo tena, mwalimu. Haya yote ni ya gari moja?" Tulicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni. Aliahidi milioni 3, na bei hiyo, kwa aliyesoma, ni ya haki. Nikiificha daftari nitapata milioni 7 kwa mtu mwingine asiyejua kulala uvunguni, lakini nitakuwa nimesema, kwa mdomo au kwa kunyamaza, kwamba gari hili lilikuwa la bosi na halijatembea. Hilo siliwezi. Na kwa milioni 3 nami sijakubali bado, kwa kuwa rejeta ni mpya, hedi ni nzima, gia nzito inashika, na masika yako karibu. Anayeyajua maradhi yote ya gari hili kwa majina ni mimi.

Kijana amesema atarudi baada ya mvua. Nimemwambia daftari litakuwa limeongezeka kurasa.

Stata nayo nilibadilisha Januari, na sasa ufunguo ukizungushwa gari huwaka. Lakini jana jioni, niliporudi kutoka Lukozi, mikono yangu ililipeleka kwenye mteremko mdogo ulio mbele ya nyumba bila kuniuliza, pua ikiwa imeelekea barabarani, nikashuka na kuweka jiwe mbele ya gurudumu la kushoto.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu, Mlalo